Homa Iliyopanda Mlima



Wapendwa wasomaji, safari tunayowasimulia wiki hii haikuwa ya mawaidha wala ya harusi. Tulikwenda Kangari, katika Kaunti ya Murang'a, kumjulia hali mtoto wa miaka minne, mjukuu wa dada yetu, aliyekuwa ametoka hospitalini siku chache kabla. Mtoto huyo amezaliwa Kangari na hukaa Kangari mwaka mzima, mahali ambapo malaria ni adimu kama mnazi. Hata hivyo malaria ndiyo iliyomlaza. Aliipata kwetu pwani, na sisi tulikuwamo katika nyumba hiyo alipoipata. Basi makala haya ni ya safari, na pia ni ya kukiri.

Tuliondoka Mombasa kwa garimoshi, tukalala Nairobi, na asubuhi tukapanda matatu. Baada ya Thika tulipita mashamba ya mananasi, kisha barabara ikaanza kupanda na kupinda. Mananasi yakatuacha, ikaja kahawa. Kahawa nayo ikatuacha, ikaja chai, na hapo tukafunga vifungo vya koti. Wataalamu wa hali ya hewa husema kwamba kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi sita. Kangari iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye mteremko wa milima ya Nyandarua, ile ambayo wengi huijua kwa jina la Aberdare. Aliyetoka Mombasa akiwa anajipepea huko hufika akitafuta blanketi.

Ni mji mdogo wenye shughuli nyingi. Michai imepogolewa kwa kimo kimoja, ikafunika vilima hadi ukingoni mwa msitu. Wachumaji, wengi wao akina mama, hutoka mapema na vikapu mgongoni, wamejifunga nailoni kiunoni ili umande usiwaloweshe. Kila mmoja huchuma majani mawili na chipukizi lake, kisha hupeleka kikapu kwenye kituo cha kununulia chai, majani yakapimwa na kungojea lori la kiwanda. Tulifika mwezi wa Januari, mbingu ikiwa safi, na alfajiri moja baada ya kuswali tulitoka uani tukauona Mlima Kenya upande wa kaskazini mashariki, kilele chake kikiwa wazi. Maji ya udhu asubuhi hiyo yalikuwa ya kutia ganzi vidole, nasi tuliwakumbuka wazee wetu waliotufundisha chuoni kwamba kutia udhu ipasavyo wakati wa tabu kuna ujira wake.

Siku ya kwanza tuliingia dukani kununua sukari na majani ya kupelekea wenyeji wetu, tukauliza pia kama kuna chandarua. Muuza duka alitutazama, akacheka kwa upole, akasema hajawahi kuulizwa kitu hicho. Nasi hatukukiona chandarua hata kimoja katika nyumba tulizokaribishwa. Wenyeji hawana kosa. Serikali ya Kenya imeigawa nchi katika kanda za malaria, na nyanda za juu za kati zimo katika kanda ya hatari ndogo. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2020, watoto sita katika kila mia nchini walikutwa na vimelea vya malaria katika damu. Katika kanda ya Ziwa walikuwa 19 katika mia, katika kanda yetu ya pwani watano katika mia, na katika kanda hii ya baridi hawakufika hata mmoja.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe.

Mpwa wetu ameolewa Kangari yapata miaka minane. Mumewe ni kijana wa huko aliyesilimu akifanya kazi Mombasa, kisha akarudi kwao kusimamia shamba la chai la mzee wake. Kila Desemba, shule zifungapo, mpwa wetu huja na watoto wake wawili kwa mama yake, Msambweni. Mwaka jana nasi tulikwenda huko kuwaona. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha, vidimbwi vimejaa njiani, na jioni mbu walikuwa wakiimba masikioni. Dada yetu ana vyandarua viwili. Kimoja ni cha kitanda chake, alicholalia pamoja na binti yake. Cha pili alitufungia sisi, kwa kuwa sisi ni kaka mkubwa na mgeni, na kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa, mgeni mtu mzima hupewa kilicho bora. Watoto walitandikiwa mkeka ukumbini, wakalala wakicheka na binamu zao.

Tuliliona jambo hilo kwa macho yetu. Tulipita ukumbini usiku kwenda kuswali, tukawaona watoto wamejianika mikono na miguu, mbu wakiwazunguka, nasi tukarudi chini ya chandarua chetu tukalala. Halikutujia wazo la kuwapisha.

Walirudi Kangari mwanzoni mwa Januari. Yapata siku kumi baadaye, mtoto mdogo alianza kutetemeka na kuchemka mwili. Mama yake alidhani ni baridi ya mlimani baada ya joto la pwani, akampa chai ya tangawizi na kumfunika. Siku ya pili alimpeleka zahanati moja, wakampa dawa ya kikohozi. Hakuna aliyemuuliza walikotoka, wala yeye hakukumbuka kusema. Homa ikashuka, ikapanda tena. Siku ya nne alfajiri mtoto akakakamaa, macho yakageuka juu, ikawa degedege. Baba yake alimbeba mbio hadi hospitali kubwa zaidi, na huko kijana mmoja wa utabibu akauliza swali moja tu: "Huyu mtoto amesafiri wapi karibuni?" Alipotajiwa pwani, alitoboa kidole cha mtoto papo hapo, akachukua tone la damu. Baada ya dakika chache jibu likapatikana. Mtoto alidungwa sindano za artesuneti, akaongezwa damu, na baada ya siku tano akaomba uji. Alhamdulillah.

Mpwa wetu alipotusimulia hayo alitushika mkono, akasema, "Mjomba, miaka yote nimekua Msambweni nikiugua malaria na kupona. Sikujua kwamba yaweza kumfanya mtoto hivi ndani ya siku nne."

Neno hilo la mpwa wetu ndilo fundisho la makala haya, nasi tuliomba wenye ujuzi watufafanulie. Malaria huenezwa na mbu jike aitwaye anofelesi. Jambo hilo lilithibitika mwaka 1897, pale daktari Ronald Ross alipoona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu huko India. Lakini mbu akimnyonya mgonjwa leo hawezi kumwambukiza mwingine kesho. Lazima vimelea vipevuke ndani ya mwili wake, na kupevuka huko hutegemea joto. Kwa nyuzi 25 huchukua siku kama 12. Kwa nyuzi 20 huchukua karibu siku 28. Chini ya nyuzi 18 kazi hiyo huwa ya polepole mno, na ikikaribia nyuzi 16 husimama kabisa. Maisha ya mbu nayo ni mafupi, wengi hufa kabla ya kutimiza wiki chache. Kwa hiyo huko Kangari mbu hufa kabla sumu yake haijaiva. Hii ni rehema ya Mwenyezi Mungu kwa watu wa milimani.

Rehema hiyo, hata hivyo, ina upande wake wa pili. Mtoto wa pwani akiumwa na mbu wenye malaria mara nyingi na akanusurika, mwili wake hujifunza kupambana. Haupati kinga kamili, ila ugonjwa ukija huja kwa makali yaliyopungua. Mtoto wa Kangari hana mafunzo hayo. Hata mama yake, aliyekulia Msambweni, kinga yake imefifia kwa miaka minane ya kukaa baridini. Ndugu zetu wanafiqhi hutufundisha kwamba msafiri ana hukumu zake: hupunguza swala, huruhusiwa kufungua saumu. Mwili nao una hukumu zake za safari. Mtoto wa mlimani akija pwani ni msafiri, hata akiwa amelala katika nyumba ya bibi yake mzaa mama, akila wali wa nazi na kuitwa kwa jina la ukoo wetu.

Tukiwa huko tuliwasikia wazee wa Kangari wakisema kwamba malaria ni ugonjwa wa watu wa chini na haiwezi kuishi kwao. Historia inatutaka tuwe waangalifu na kauli hiyo. Nandi na Kericho ni nchi za juu na za baridi, tena Kericho ni nchi ya chai kama Kangari. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari na wapagazi waliorudi kutoka Tanganyika walipanda na vimelea katika damu zao, na mwaka 1918 na 1919 malaria ikazuka Nandi. Kericho nayo iliingiliwa katika miongo iliyofuata. Katika mashamba ya chai ya Kericho ugonjwa ulidhibitiwa kwa dawa na kwa kupuliza sumu ya mbu, hata ukasahaulika kwa miaka. Kisha miaka ya 1980 na 1990 ukarudi, wakati ambapo klorokwini, dawa ambayo kila mmoja wetu aliimeza utotoni na kuwashwa mwili, ilikuwa imeshindwa nguvu. Kenya iliiacha klorokwini mwaka 1998, na mwaka 2004 ikaamua kuhamia dawa mseto tunazozitumia leo. Hata Nairobi, ambayo sasa wengi huiona salama, ilikumbwa na milipuko ya malaria katika miaka ya 1920 na 1940.

Karibu zaidi na Kangari, mwaka 2006 watafiti walitangaza kwamba wamekuta viluwiluwi vya anofelesi Karatina, katika Kaunti ya Nyeri, mahali palipo juu ya mita 1,700. Mbu mwenyewe amekwisha kupanda. Kinachomzuia bado ni ubaridi wa usiku na uchache wa wagonjwa wa kunyonya. Joto la dunia likiongezeka kidogo, na wasafiri wakiongezeka, kizuizi hicho hupungua.

Nchi za baridi za mbali nazo zimepitia haya. Uingereza, kwenye vinamasi vya Kent na Essex karibu na Mto Thames, watu waliugua homa ya kutetemeka kwa karne nyingi. Aina ya vimelea vyao ilikuwa vivaksi, inayostahimili baridi kuliko hii ya kwetu na yenye kujificha katika ini. Katika karne ya 19 homa hiyo ilipungua sana, vinamasi vilipokaushwa, nyumba zilipokuwa bora na kwinini ilipopatikana kwa bei nafuu. Lakini wakati wa vita hivyo vya kwanza askari walirudi kutoka Makedonia wakiwa na malaria, na mamia ya Waingereza ambao hawakuwahi kutoka kwao wakaambukizwa. Ni kisa kile kile cha Nandi, katika miaka ile ile. Homa husafiri na watu, na huingia hata katika nyumba ambazo zimekwisha kuisahau.

Nasi watu wa pwani tuna somo lililo karibu zaidi, nalo ni Zanzibar. Huko kampeni ya kutokomeza malaria ilifanywa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, maambukizi yakashuka sana, kisha kampeni ikasitishwa mwaka 1968 na ugonjwa ukarudi. Katika karne hii wameanza upya kwa vyandarua, upuliziaji na dawa mseto, na sasa wenye vimelea hawafiki mmoja katika kila mia. Wahudumu wao wa afya hawangojei. Akipatikana mgonjwa mmoja, humfuata hadi nyumbani kwake, wakawapima waliomo, na wakamuuliza amesafiri wapi. Wengi wa wagonjwa wa visiwani siku hizi huwa wametoka safari ya bara. Swali lile lile la kijana wa hospitali ndilo linalolinda kisiwa kizima.

Jioni ya mwisho tuliketi jikoni kwa mama wa mkwe wetu, bibi wa watoto upande wa baba, ambaye watoto humwita Cucu. Moto wa kuni ulikuwa unawaka, na mtoto alikuwa amelala pajani mwake. Cucu alitujazia chai ya maziwa, akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Sheikh, mimi sina ubaya na watu wa pwani. Lakini huyu mtoto nilimwona akigeuka macho. Hatakwenda tena huko mpaka awe mkubwa."

Tulijua kwamba dada yetu, Msambweni, akiyasikia hayo atalia. Wajukuu hao ndio furaha yake ya mwaka. Tena katika dini yetu kuunga kizazi ni amri. Tulitaka kujitetea kwa ajili ya pwani yetu, ulimi ukawa mzito. Badala yake tulimweleza Cucu tuliyoyafanya: kwamba chandarua kilikuwapo, na sisi ndio tuliolala ndani yake. Tukamwomba msamaha, yeye na mtoto. Kisha tukamwambia kwamba mbu wa Msambweni hawachagui wajukuu wake, ila wakubwa wa watoto hao, nasi tukiwa wa kwanza, hatukuwaweka mahali panapowastahili.

Alitutazama kwa muda. Akasema, "Basi mwambie huyo bibi mwingine anunue vyandarua viwili. Nitauliza nikimpigia simu." Tulipofika stesheni ya Mombasa tulikwenda moja kwa moja sokoni. Tulinunua vitatu.

Kina mama, na ninyi kina baba mnaosoma pamoja nao, familia zetu siku hizi zimetapakaa. Tuna watoto Nyeri, Nanyuki na Nairobi, tuna wajukuu waliozaliwa Ulaya na Marekani kwenye theluji. Wote hao huja kwetu Iddi na likizo. Tunawausia haya kwa ajili yao.

Kwanza, chandarua ni haki ya mtoto mgeni kabla ya mtu mzima yeyote. Mama mjamzito aliyetoka nchi za baridi naye ana haki hiyo hiyo, kwani malaria humdhuru yeye na kilichomo tumboni. Mgeni mwenye ndevu atapata heshima yake kwa njia nyingine. Kifungeni mapema, kabla ya jua kuzama, na kingo zake mzipachike chini ya godoro au mkeka. Kikiwa na tundu, kishoneni.

Pili, atokaye nchi ya baridi na aende kwa daktari kabla ya safari, aulize kama dawa ya kukinga inamfaa yeye na watoto wake.

Tatu, mtoto akirudi milimani, au ughaibuni, na akapata homa wakati wowote katika miezi mitatu inayofuata, msingoje ipande na kushuka. Mpelekeni siku hiyo hiyo, na mseme ninyi wenyewe kabla hamjaulizwa: "Tulikuwa pwani. Tunaomba apimwe damu." Zahanati za baridi huona wagonjwa wachache wa malaria na huweza kulisahau swali hilo. Mtoto akikakamaa, akitapika kila anachopewa, akishindwa kunywa, akilegea asiweze kuamka au akipumua kwa shida, hiyo ni dharura ya usiku au mchana. Degedege lisipelekwe kwanza kwa mganga wa kufukiza. Muda unaopotea huko ndio uhai wenyewe.

Nne, dawa mseto ya kumeza huwa vipimo sita kwa siku tatu. Mtoto akichangamka siku ya pili msimwekee zilizobaki kwa ajili ya homa nyingine. Zimalizeni.

Tawakuli ni kumwachia Mwenyezi Mungu matokeo baada ya mja kutimiza alilopewa uwezo nalo. Sisi usiku ule tulisimama kuswali, na tulipomaliza tulikuwa na uwezo wa kufanya jambo dogo, hatukulifanya. Mtoto amepona kwa rehema Yake, si kwa busara yetu. Likizo ya Aprili, inshaallah, watoto watakuja tena Msambweni, na sisi tumekwisha kumwarifu dada yetu kwamba tutalala ukumbini.

Mwenyezi Mungu awape afya watoto wetu wa pwani na wa milimani, awarejeshee siha wagonjwa wote, na aziunganishe nyoyo za mabibi wao wa pande zote mbili. Aamin.

Wassalaamu alaykum.